Sauti ya Simu ya Mwalimu Bosire

Kule Kiogoro ukiuliza njia ya kwenda kwa Mwalimu Bosire, yeyote atakuonyesha, ingawa Bosire mwenyewe hajawahi kushika chaki. Alikuwa mkulima wa ndizi na majani chai mpaka presha ya macho ilipomnyima kuona, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Jina la mwalimu alilipata kanisani, kwa ajili ya darasa lake la shule ya Sabato. Na darasa lenyewe alilipata kwa ajili ya simu.

Ngoja nikueleze alivyokuwa akifanya, maana inapendeza. Simu yake ilikuwa na sauti inayosoma kila anachogusa. Siku ya Sabato alitia kisikizi sikio la kushoto, simu ikamnong'oneza lesoni, yaani somo la juma lililogawanywa kwa siku, na mafungu ya Biblia, naye akayatamka kwa sauti yake nzito, sentensi moja nyuma. Miaka sita alifundisha hivyo. Shemasi Machogu peke yake ndiye aliyekuwa akinung'unika: "Huyu ndiye anatufundisha, ama ni hiyo simu?" Watu walicheka. Bosire naye alicheka, lakini neno lile halikumtoka.

Shida ni kwamba simu ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Jina la Habakuki liliishinda kabisa. Basi Alhamisi moja, rafiki yake katika kundi la simu la wasioona akamtumia ujumbe: kuna toleo jipya la majaribio, linaitwa beta, lenye sauti inayosoma Kiswahili kama mhubiri. Bado linatengenezwa, alisema, lakini anayetaka anaweza kulijaribu kabla ya wengine.

Bosire alitaka. Simu ilimsomea onyo refu la Kiingereza, naye akalikatiza katikati, kama sisi sote tunavyofanya, akagusa pa kukubali.

Simu ikajizima. Ikawaka. Haikusema neno.

Aliipangusa kwenye shati, akaigusa tena na tena. "Sharon," alimwita mkewe, "imekufa?"

"Haijakufa. Naona inawaka vizuri."

"Inawaka na haisemi?"

Ijumaa saa kumi jioni walikuwa Mosocho kwa Thadeus, fundi wa simu anayesali nao kanisa moja. Thadeus aliihangaikia, halafu akashusha pumzi.

"Mwalimu, hii beta imeikataa sauti ya zamani, na ile mpya haijakaa sawa. Kurudisha kama mwanzo lazima nifute kila kitu na kupakia upya. Hiyo itachukua muda wa kama saa nne."

Bosire alipiga hesabu. Jua lingezama kabla ya hapo, na likizama Sabato imeingia.

"Ianzishe tu, uiache ijifanyie yenyewe. Wewe funga duka uende ukaoge."

Thadeus alicheka kicheko cha aibu. "Tata," alimwita baba kwa Kikisii, "si ni wewe ulitufundisha mwezi jana kwamba Sabato ikiingia, hata mashine ya kusaga ipumzike?"

Ni kweli alifundisha hivyo, tena kwa kusisitiza.

Simu ikalala kwenye droo ya Thadeus. Nyumbani Sharon alichukua kitabu cha lesoni akamsomea mara mbili. Sharon aliachia shule darasa la nne. Alisoma akipapasa kila neno, na Bosire akijaribu kushika asichoweza kukigusa kwa kidole.

Asubuhi alisimama mbele ya darasa. Sehemu ya Jumapili ilipita vizuri, ya Jumatatu pia. Alipofika ya Jumanne, hakukuwa na kitu kichwani. Mkono wake ulipanda wenyewe kwenye sikio la kushoto, ukakuta sikio tupu. Benchi moja lililia. Mtu akakohoa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ikisoma sehemu ya Jumanne moja kwa moja bila kukwama. Ilikuwa ya Machogu. Hata Habakuki alimtamka sawasawa. Bosire alieleza machache, Machogu akasoma ya Jumatano, na hivyo hivyo mpaka kengele.

Mlangoni Machogu alimshika mkono, akautikisa kwa muda mrefu. "Ndugu, Sabato ijayo nitasoma mimi. Wewe utaongezea."

Waliteremka njia ya nyumbani, Bosire ameshika kiwiko cha mkewe. Walifika mbali kabla hajauliza.

"Sharon. Machogu aliposema vile, uso wake ulikuwaje? Ulikuwa wa kunihurumia, ama alikuwa amefurahi?"

Sharon hakupunguza mwendo.

"Hapa kuna matope," alisema. "Pitia huku."