Karatasi ya Pili ya Mkaguzi

Kwa miaka ishirini na sita Mkaguzi alikuwa akikata sabuni. Kiwandani, mwisho wa mstari wa mashine, palikuwa na meza ya bati, mizani, waya mwembamba, na yeye. Kila mche wa hamsini ulioshuka aliuchukua, akaupima, akaukata kwa waya, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaunusa, kisha akaandika. Mche uliokatwa haurudi mstarini. Unaingia kwenye pipa la kuyeyushwa upya, hata kama hauna neno. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na jina likamganda, hadi mkewe mwenyewe akiudhika alimwita Mkaguzi.

Alikuwa mtu wa haki, tukubaliane hapo mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Hakuwahi kupitisha mche mbovu kwa kumwonea mtu haya. Pia hakuwahi kumsifu mtu. Chakula kikiwa kitamu alisema, "Kimeiva." Mwanawe wa mwisho alipomaliza chuo alimwambia, "Vizuri, umemaliza," akarudi kwenye gazeti lake.

Jumamosi mchana alikuwa mlezi wa kikundi cha vijana. Walikutana katika chumba nyuma ya maktaba, chenye ubao mmoja, dirisha lisilofunga na viti vya plastiki ishirini na sita, viwili kati yake vimeshonwa kwa waya. Vijana walikuwa ishirini na wanne: wanaojifunza ufundi, wauza duka, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kutafuta kazi. Walifundishana. Anayejua umeme alionyesha wenzake namna ya kufunga plagi, anayejua kuandika barua za maombi aliwasahihishia wengine zao. Mkaguzi aliita majina, alisuluhisha ugomvi, alifunga mlango. Watoto wake wote walikwisha kuhama, na nyumbani palibaki mlio wa cherehani ya mkewe. Bila Jumamosi, wiki yake ingekuwa sabuni tupu. Hilo hakumwambia mtu, lakini alilijua.

Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya vijana. Kila kikundi kinachotumia chumba cha umma kiandae Mpango wa Kuboresha Ubora, na siku afisa atakapokuja kukitembelea, akute wanachama wasiopungua ishirini. Kikishindwa, chumba kitapewa wengine. Walezi wa vikundi vingine walilalamika hadi sauti zikawakauka. Mkaguzi aliisoma barua mara tatu, akafurahi. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakizungumza habari za ubora bila kumuuliza yeye.

"Mama," alimwambia mkewe, "hatimaye wameandika barua yenye akili."

"Inasemaje?"

"Tupimwe."

"Mpimwe nini?"

"Ubora."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Wa watu, au wa viti?"

"Vyote."

Aliupanga mpango huo jioni nne mfululizo. Aliona kwamba watu si sabuni, kwa hiyo kumkagua mmoja na kuwaruka wengine isingekuwa haki. Angewakagua wote, watatu kila Jumamosi, kwa maswali kumi na mawili. Na ili asimkague mtu mara mbili, alitengeneza karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na majina ya wote. Mtu akishakaguliwa, jina lake lilikatwa kwa mstari wa rula kwenye karatasi ya kwanza na kuandikwa upya kwenye ya pili. Hapo ndipo alipoharibu, na aliharibu kwa mwandiko mzuri sana. Kwa sababu karatasi ya kwanza ndiyo aliyokuwa nayo mkononi kila Jumamosi, ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia kuita majina.

Ukaguzi ulifanyika kwenye stoo ya maktaba, katikati ya marundo ya vitabu vilivyochanika migongo. Mkaguzi upande mmoja wa meza, kijana upande wa pili. Unafika saa ngapi? Umejifunza nini mwezi huu? Umemfundisha nani? Kiti chako ni kizima? Aliandika kila jibu bila kuinua uso, na mwisho akasema maneno yale yale aliyowaambia wote, "Haya, nimemalizana na wewe. Unaweza kwenda."

Kati ya watatu wa kwanza alikuwemo msichana aliyeitwa Kimya, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiishi kwa shangazi yake na kupiga pasi nguo za watu. Mwaka mzima aliokaa kikundini, neno lake lilikuwa moja, "nipo," pale jina lake lilipoitwa. Lakini alilisema kila Jumamosi, na alikuwa mtu wa kwanza kufika. Jumamosi iliyofuata ukaguzi alikaa akisubiri jina lake, nalo halikuitwa. Hakuuliza. Wiki iliyofuata akaja tena, akakaa pale pale, akasubiri, halikuitwa. Wiki ya tatu kiti chake kilikuwa kitupu, na Mkaguzi hakuona, maana macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Wengine walielewa haraka zaidi, au walidhani wameelewa. Ofisi imeandika habari za ubora; Mkaguzi anawaita watu stoo; anayetoka stoo haitwi tena jina. Wengi wao wazazi wao walifanya kazi kiwandani, na walijua tangu utotoni kile kinachotolewa mstarini kinaishia wapi. Basi wanapunguza watu, walinong'onezana. Na nani angethubutu kumuuliza Mkaguzi? Waliobaki wakashika adabu. Walifika dakika kumi kabla ya saa, mashati yamenyooshwa. Mwenyekiti wao, fundi baiskeli ambaye mdomo wake haukujua likizo, alianza kumfutia mlezi kiti kwa kitambaa.

Mkaguzi aliyaona hayo yote na kuyaandika kwenye mpango. Nidhamu imepanda. Kuwahi kumepanda. Mahudhurio, ambayo zamani yalikuwa asilimia themanini, sasa ni asilimia mia, kwa sababu kila aliyekuwa kwenye karatasi ya kwanza alikuwepo.

"Mbona siku hizi vijana wako wanapita wachache hapa barazani wakienda maktaba?" mkewe alimuuliza.

"Asilimia mia, mama," alisema Mkaguzi. "Zaidi ya mia hakuna."

Afisa wa vijana alikuja Jumamosi ya tano, mchana, bila kutoa taarifa. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na begi lililojaa mafaili ya vikundi vingine, na uso wake ulionyesha kwamba mafaili hayo hayakumfurahisha. Alipewa mpango wa kurasa kumi na moja. Akausoma, akafungua ukurasa, akatabasamu.

"Mzee wangu, huu ndio mpango safi kuliko yote niliyoisoma mwaka huu."

"Umepigiwa mstari kwa rula," alisema Mkaguzi.

Afisa akainua kichwa, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Lakini hapa naona kumi na wawili."

"Ndiyo. Wote wapo."

"Kikundi kina watu ishirini na wanne."

"Ndiyo."

"Hao wengine wako wapi?"

"Wamekaguliwa."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

"Wakishakaguliwa," afisa aliuliza taratibu, "wanakwenda wapi?"

Mkaguzi alitaka kusema karatasi ya pili. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano aliinua macho kwenye viti. Aliviangalia kimoja kimoja, kama alivyoangalia sabuni, na kumi na viwili kati ya vile vilivyokuwa na wenyewe havikuwa na mtu.

"Mzee," Mwenyekiti akajikaza, "sisi tulijua wale umewatoa. Hata mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu."

"Nani kasema nimewatoa?"

"Hukuwaita tena majina, mzee."

Mkaguzi akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Moyo ulimuuma, hakuna namna nyingine ya kulisema. Angeweza kumwambia afisa kwamba wenzao wako msibani, na vijana wote kumi na wawili wangeapa naye. Badala yake alichukua kalamu, na kwenye ukurasa wa kumi na moja, palipoandikwa "Kasoro zilizoonekana," akaandika: mlezi. Afisa akaitazama ile kalamu, akavua miwani, akaifuta, akasema sheria ni sheria, lakini angerudi baada ya wiki mbili, Jumamosi saa nane. Akiwakuta ishirini, chumba ni chao. Akiwakuta kumi na tisa, apewe funguo.

Nyumbani Mkaguzi alipanga kuwatembelea wote kumi na wawili, akatoa faili.

"Nenda bila karatasi," mkewe alisema.

"Nitakumbukaje nimemwambia nani nini?"

"Baba watoto, weka faili chini."

Akaliweka. Kila jioni baada ya kazi alijikaza kisabuni, maneno ambayo kwa mtu wa kazi yake yalikuwa na uzito, akaenda kugonga mlango. Mmoja alicheka hadi akakohoa, akasema atarudi. Mama wa mwingine alimweka Mkaguzi barazani amesimama na kumsomea makosa yote ya wazee wa siku hizi, na Mkaguzi aliitikia kila kosa, hata yasiyokuwa yake. Wawili walikwisha kupata vibarua vya Jumamosi. Mmoja alijiunga na kwaya na hakuwa tayari kuiacha. Mmoja alisema, "Mzee, nakuheshimu, ila sirudi," na Mkaguzi akamshukuru kwa kusema wazi. Saba walikubali. Ilipofika Ijumaa, siku moja kabla ya afisa kurudi, alikuwa na watu kumi na tisa, na mlango mmoja aliokuwa akiukwepa wiki mbili nzima.

Kimya alikuwa mbele ya nyumba, meza ya pasi chini ya bati, kikapu cha nguo za watu mguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakuacha kupiga pasi. Mkaguzi alisimama akamweleza yote: karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, kwamba hakumtoa, kwamba alikuwa akiita majina kama mtu aliyefumba macho. Msichana aligeuza mkono wa shati, akaunyoosha, akageuza wa pili.

"Mko wangapi?" aliuliza. Mkaguzi alishtuka kuisikia sauti hiyo ikiuliza kitu.

"Kumi na tisa."

"Na wanaotakiwa?"

"Ishirini."

"Kwa hiyo umemfuata mtu wa ishirini."

Hapo uongo mdogo ungemsaidia, na alikuwa na haraka. "Nilipotoka nyumbani, ndiyo," alisema. "Sasa nimekuona, naona aibu."

Kimya akakunja shati, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine. Alilitandaza muda mrefu kuliko shati linavyohitaji.

"Kwa hiyo sikufeli?"

"Hukufeli. Sabuni nzuri naiandikia 'inafaa.' Wewe nilikuandikia 'hana kasoro.' Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Sikujua kwamba mtu huambiwa."

"Mimi nilimwambia shangazi kwamba nimefeli." Alipitisha pasi kwenye kola. "Hakushangaa."

Mkaguzi alisimama pale, mikono haijui iende wapi kwa kuwa haikushika faili.

"Shangazi yako yupo?" aliuliza.

"Yuko uani, anafua."

"Mwite."

Shangazi alikuja akijifuta povu kwenye kanga, mwanamke mpana mwenye uso wa mtu aliyezoea kuitwa kwa shida. Alimwona mgeni aliyesimama wima, akamwona msichana nyuma ya pasi, akapumua.

"Karibu, baba. Kafanya nini tena?"

"Huyu mtoto alipimwa, akafaulu," alisema Mkaguzi. "Hana kasoro. Aliyefeli ni mimi, na nimekuja kulisema mbele yako."

Shangazi akamtazama, akageuka akamtazama msichana. "Huyu?"

"Huyu."

Kimya akaisimamisha pasi wima. "Kesho nitakuja," alisema. "Ila kwanza mwambie tena."

Mkaguzi akamwambia tena, neno kwa neno, na shangazi akavuta kigoda akakaa asikie vizuri.