Dawa ya Mchina na Nyirinyiri ya Qali

Qali alikuwa mpishi wa nyirinyiri, na Garissa nzima ilimjua kwa hilo. Nyama yake ya ngamia, iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka na kuzamishwa kwenye samli, ilisafirishwa mpaka Mandera bila kuharibika. Ulimi wake nao ulikuwa upanga. Hakuogopa askari wala karani wa soko. Aliogopa jambo moja tu: kubaki duniani bila Shuaib.

Shuaib, mumewe, alikuwa dalali wa ng'ombe. Mwaka huo wa tisini na sita kifua kilimbana, akaenda Nairobi kupimwa, akaambiwa damu yake imejaa mafuta. Binti yao Roda, aliyeolewa Eastleigh, akampeleka pia kwa tabibu Mchina. Shuaib akarudi na mfuko wa majani makavu, vipande vya tunda jekundu na magome ambayo hata yeye hakuyajua majina.

"Tabibu kasemaje kuhusu chakula?" Qali aliuliza.

"Nile nitakavyo. Hii dawa inayeyusha yote."

Qali akamwamini, masikini. Kila alfajiri, baada ya sala, aliichemsha mpaka nyumba nzima ikanuka kama ngozi iliyolowa, akamsimamia hadi tone la mwisho. Kisha, kwa mapenzi, akampakulia nyirinyiri, samli ikielea juu.

Miezi ikapita. Roda akaja kuwajulia hali, akamkuta baba yake akimalizia sahani. Baba alipotoka kwenda sokoni, akamgeukia mama yake.

"Hooyo, mbona aabo anakula haya? Yule Mchina alimkataza samli na nyama ya mafuta. Mimi ndiye niliyemtafsiria!"

Hasira zilimpanda Qali mpaka macho yakaona giza. Akajitupia mtandio, akatoka na mwiko mkononi, mguu mosi mguu pili hadi soko la mifugo. Uongo! Miezi yote hiyo uongo, tena kutoka kwa mwanamume anayemtaja Mungu kila akiuza ndama!

Alimkuta kibandani na wenzake, sinia ya nyirinyiri katikati. Ilikuwa nyirinyiri yake mwenyewe, aliyomuuzia mwenye kibanda jana yake.

"War, wewe Shuaib! Mchina alikukataza nini?"

Shuaib akaguna. "Qali, rudi nyumbani. Usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu? Wallahi, aibu ni kunifanya nikuue kwa mkono wangu, huku nakushikia kikombe cha dawa! Ukifa, hawa watakuzika kabla ya magharibi. Halafu watakuja kwangu kunipa pole, na watataka kula. Watataka nyirinyiri. Nani ataipika, Shuaib? Niambie, nani ataipika?"

Shuaib alitazama vidole vyake vilivyong'aa kwa samli, akakosa pa kuvifutia.