Samaki Waliokula Stima ya Ploti

Saa kumi na mbili jioni, Jumamosi, katika mtaa wa Tena jijini Nairobi, Asenath Kageha anapitisha kiganja nyuma ya kompyuta moja baada ya nyingine, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ya kwanza imepoa. Ya pili pia. Kwenye ya tatu anasimama, anaguna, kisha anainama na kuzima swichi ya ukutani.

"Hii ni mjanja," anasema. "Inajifanya imelala kumbe bado inapumua."

Mteja wa mwisho ameshaondoka na karatasi zake. Mwenye saiba mwingine, duka kama hili la kompyuta na intaneti, angeshafunga mlango akaenda zake, lakini Kageha anarudi mwanzo wa mstari na kuzipapasa zote tena. Ana sababu. Friji ya jirani yake ikikutwa imezimika Jumatatu asubuhi, itabidi afunge virago.

Maduka matatu ya ploti hii ya kupangisha yanatumia mita moja ya stima. Kuna saiba ya Kageha, kuna kinyozi Wanyoike, na kuna Amino, anayejulikana zaidi kama Mama Hirad, ambaye huuza maziwa ya ngamia. Kila Jumamosi wanachanga sawa kwa sawa, na msimamizi wa ploti, Mzee Kisilu, ananunua tokeni za stima za kuwafikisha Jumatatu. Jumapili hakuna anayeingia. Mzee Kisilu ni mzee wa kanisa na lango hulifunga kwa kufuli, hivyo hata Amino, ambaye kanisa hilo halimhusu ndewe wala sikio, hupumzika kwa lazima.

Mwezi uliopita, Jumatatu mbili mfululizo, Amino alifungua friji akakuta giza na harufu. Tokeni zilikuwa zimekwisha Jumapili, mchana kweupe, na hakukuwa na mtu wa kujua.

"Nilimwaga mtungi mzima kwa mtaro," Amino anakumbuka. "Wateja wangu wanakuja mapema kabla ya kazi. Nikawaambia hakuna maziwa. Mara ya pili wengine hawakurudi."

Mzee Kisilu aliitisha kikao kifupi hapo hapo kwenye veranda. Alisema saiba ndiyo inayomaliza stima, na mwisho wa mwezi ihame.

Kageha alikuja juu. "Nilikasirika, sitaki kudanganya," anasema. "Nikawaambia ni friji. Friji ndiyo inanguruma usiku na mchana. Mimi kila Jumamosi nazima."

Na aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Kumbe alichokuwa akizima ni skrini tu.

Hapo ndipo hadithi yake ilipopindia, na ni rahisi kumcheka kama hujui kompyuta zile zilivyofika Tena. Kageha, mzaliwa wa Vihiga, alifanya vibarua kwa miaka mingi katika kiwanda cha beseni za plastiki Industrial Area, akiishi Mukuru kwa Reuben. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilipofika, alinunua kompyuta sita kuukuu zilizotumika ng'ambo, nzito kama mawe ya kusagia. Muuzaji alimwonya: hizi ukizizima mara kwa mara, siku moja zitakataa kuamka.

Akalishika neno hilo kama amri. Tangu siku ya kufungua hakuwahi kuzima mashine yenyewe hata moja; Jumamosi alizima skrini, akiamini hapo stima haiendi tena. Wateja walipopungua mchana, aliweka picha ya samaki wa rangi wanaoogelea kwenye skrini, akiamini kwamba hapo mashine imepumzika. Watoto waliotumwa maziwa walisimama mlangoni kuwatazama samaki hao. Kageha alijivunia hilo.

Saiba hiyo ndiyo inayomsomesha mwanawe, Job. Siku njema huingiza shilingi elfu mbili, siku mbaya mia tano. Kuhama kungemaanisha kuanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua, na biashara ya kuwajazia watu fomu mtandaoni huenda kwa mtu anayeaminiwa kutunza namba zao za siri.

Ndipo akamwita Perez, fundi wa stima. Perez ni mwanamke, na amezoea kuulizwa fundi yuko wapi ilhali amesimama na bisibisi mkononi. Alikuja na kipimo kidogo cha kuchomeka ukutani, ambacho huonyesha kifaa kinavuta stima kiasi gani.

Kompyuta yenye samaki, bila mtu kwenye kiti chake, ilivuta wati tisini. Skrini ilipozimwa na mashine kuachwa, jinsi Kageha alivyofanya kila Jumamosi, ilivuta zaidi ya sitini. Ilipolazwa usingizi wa kweli ilishuka hadi tatu.

"Dada, hao samaki wako wanakula kuliko wateja," Perez alimwambia.

Kisha akapiga hesabu ya mashine zote sita kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Zilifika yuniti kumi na nne, ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna hata panya anayesoma barua pepe. Friji ya Amino, kwa muda huo huo, haikufika yuniti tatu.

Kageha aliona haya. Alivuka veranda akamwomba Mama Hirad msamaha, kisha akaenda kumwomba Mzee Kisilu wikendi moja ya mwisho. Mzee alikubali kwa sharti: tokeni zitakuwa zile zile, bila nyongeza hata ya yuniti moja.

Kazi ikaanza. Alipanga kila mashine ilale yenyewe ikikaa dakika kumi bila kuguswa. Siku ya kwanza wateja walichungulia, wakaona skrini nyeusi, wakasema stima imepotea na kuelekea saiba ya ng'ambo ya barabara. Aliwatazama wakienda huku amekaa kwenye kiti chake na stima iko tele. Siku iliyofuata aliiacha kompyuta ya mlangoni ikiwaka, na juu ya nyingine akabandika karatasi: STIMA IKO. GUSA KIBODI.

Wengine waligusa. Mzee mmoja alikataa katakata, akisema hawezi kuamsha kitu cha wenyewe. Kageha humwamshia.

Pigo lilikuja Jumatano. Aliamua kuizima kabisa namba tano, kama majaribio. Alhamisi alibonyeza, akabonyeza tena. Kimya.

"Niliketi hapa nikalia," anasema. "Yule muuzaji hakuwa ameniambia uongo."

Perez aliifungua, akanusa, akatikisa kichwa. "Hii ilikuwa inakufa zamani. Ulikuwa unailisha stima ndiyo usiizike," alisema. Hakuweza kuahidi kwamba zile tano nyingine hazina ugonjwa huo.

Wanyoike alimshauri aziache. "Niaje Mama Job, si urudishe tu vile zilikuwa? Moja imeenda, utamaliza zote."

Kageha alilifikiria hilo siku mbili. Kiwandani, anasema, mashine iliyonguruma bila kutoa beseni ilimfanya msimamizi kupiga kelele hadi mshipa wa shingo umsimame. Yeye alikuwa na sita kama hizo kwa miaka minne, na hakuna aliyempigia kelele.

"Nikiziacha, nitafukuzwa. Nikizizima, zinaweza kufa," anasema Jumamosi hii, akizima swichi ya mwisho. "Basi nazizima. Kama ni kufa, zife nikiwa nimejitahidi."

Anafunga mlango. Hageuki nyuma.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Kisilu anafungua kufuli la lango. Kageha amefika kabla yake. Amino naye yuko, mtungi wa plastiki mkononi. Salamu ni za mkato.

Amino anafungua duka na kuvuta mlango wa friji. Taa ya ndani inawaka. Mzee Kisilu anapita moja kwa moja hadi kwenye kimashine cha tokeni, anavaa miwani na kusoma.

"Zimebaki yuniti tisa," anasema. Anasoma tena, maana hajazoea kuona kitu kimebaki. "Haya. Kaa."

Ni hayo tu. Anaondoka na funguo zake.

Kageha hashangilii, kwa sababu bado ana deni la hofu mle ndani. Anawasha swichi, anabonyeza ya kwanza. Inaamka. Ya pili inaamka. Ile mjanja inanyamaza, anaibonyeza tena, inakohoa na kuwaka. Ya nne na ya sita zinafuata. Anashika meza kwa mikono miwili na kucheka peke yake.

Mipango yake ni mikubwa kuliko chumba chenyewe. Mahali pa namba tano anataka kuweka kompyuta ndogo ya kisasa isiyo na tamaa ya stima. Baadaye anataka saiba ya pili kule Njiru, yenye mita yake mwenyewe. "Mita yangu," anarudia. "Ikiisha, nijilaumu mimi."

Anataka pia kuzunguka na Perez na kile kipimo katika saiba za mtaa, kwa sababu anajua wenye samaki ni wengi.

Amino anaingia na kikombe kilichojaa hadi ukingoni. "Mama Job, shika."

Kwa miaka minne ya ujirani Kageha hajawahi kuyamaliza maziwa ya ngamia. Anasema yana ladha ya moshi, hunywa funda moja la heshima na kuaga. Leo anakishika kikombe kwa viganja vyote viwili, akikipima kama alivyopima zile mashine.

"Ni baridi, Mama Hirad," anasema, kisha anayanywa yote.