Mama wa Safu ya Nne na Mdakaji Aliyekaa Kwake

Ukimuuliza Arlene Vossberg habari za majirani, atakujibu hana habari. Muulize habari za Wasagaji, timu ya besiboli ya mji wetu wa Kessler Grove, na hapo tafuta kiti ukae, maana umejitakia. Miaka thelathini na moja aliwapikia watoto wa shule, na miaka hiyo yote, kila jioni ya mechi, alikaa safu ya nne nyuma ya mdakaji, penseli sikioni, daftari mapajani, akiandika kila mpira uliorushwa. Mumewe, Merle, alikaa kando yake mpaka moyo ulipomsimama ghafla wakati wa kuvuna mahindi. Watoto hawakujaliwa. Nyumba ikabaki kubwa mno kwa mtu mmoja, na Arlene akabaki na mpira.

Wasagaji ni timu ya daraja la chini. Nyota hawaji Iowa kwetu. Wanakuja wanaotaka kuwa nyota, na timu kubwa inayowamiliki huko jijini inawakagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni: hii bado mbichi, hii imeiva, hii tupa. Mishahara yao ni ya kuchekesha, kwa hiyo tangu zamani sisi wenyeji huwachukua wachezaji majumbani. Kila masika Doris Ruhlman wa ofisi ya timu hupita mlango kwa mlango na karatasi yake. Mpe kitanda. Mpe chakula cha jioni. Usimchimbe habari za mchumba wake. Na sharti la mwisho, ambalo Doris hulipigia mstari kwa kalamu nyekundu: mezani kwako usimwambie mchezaji neno baya juu ya mchezo wake. Kocha yupo wa kumkaripia. Kwako anakuja kula. Akikuuliza, mwambie yuko vizuri.

Arlene alilishika sharti hilo miaka kumi, kwa wachezaji kumi na wanne, na kati yao walikuwemo wabovu wa kulia machozi. "Uko vizuri, mwanangu. Ongeza viazi." Lakini jamani, mtu mwenye maoni kama yale angeyameza yote? Angepasuka. Ndiyo maana kila Jumatatu saa sita mchana, timu ikiwa safarini, alivuta kiti chini ya simu ya ukutani jikoni na kupiga kwenye kipindi cha Gus Hagedorn, redio ya hapa hapa mjini. Jina hakutaja. Gus alimbatiza Mama wa Safu ya Nne.

"Haya, Mama wa Safu ya Nne, leo tunamchinja nani?"

"Gus, yule mrushaji mrefu mlimwokota wapi? Mtu anarusha mpira kama anamwaga maji ya vyombo!"

Mji mzima ulijua ni nani, na mji mzima, mpaka muuza mbolea, ulicheka. Wachezaji ndio hawakujua. Jumatatu huwa wako mbali, na redio yetu haivuki hata mto.

Mwezi wa tano akaja Wendell Tackett, mtu wa milima ya Kentucky, miaka ishirini na saba. Huku daraja la chini, mwenye miaka hiyo ni mzee. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni, anayemwelekeza mrushaji arushe nini na wapi. Asubuhi, akishuka ngazi, magoti yake yalilia mpaka Arlene akawa anajua amefika ngazi ya ngapi. Aliosha sahani yake bila kuambiwa. Alitengeneza mlango wa nyuma uliokuwa unakwama tangu Merle yuko hai. Jioni alikaa barazani akamsikiliza Arlene akisimulia mechi za miaka ishirini iliyopita, na hakupiga miayo hata mara moja. Alimwita Mama Arlene. Na Arlene alimpenda, tusizungukezunguke. Alimpenda kama mtu anavyompenda wa kumzaa.

Sasa tatizo la Arlene lilikuwa macho yake, hayajui kupenda. Yaliona mkono wa Wendell umekwisha. Wapinzani walishaugundua, mtu akifika kituo cha kwanza tu, anachomoka kwenda kuiba cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, Wendell anainuka, magoti yanachelewa, mpira unaondoka umechoka, na mwizi ameshafika anajipangusa vumbi. Tisa kati ya kumi walifika. Arlene aliwaandika wote. Na pale benchini alikaa Isandro Peguero, mtoto wa Jamhuri ya Dominika, miaka kumi na tisa, mwenye mkono wa kutisha, anakula mbegu za alizeti na kungoja. La kuumiza zaidi ni kwamba aliyekuwa akimfundisha Peguero kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alikuwa Wendell huyo huyo. Alimfundisha kuweka miguu, kusoma macho ya mkimbiaji, kumtuliza mrushaji aliyepaniki. Arlene alikwenda kuwatazama mara mbili tatu. Hajapata kuona mtu anafundisha vile.

Katikati ya mwezi wa saba, Jumatano, Wendell alirudi na jambo. Arlene alikuwa ameoka tambi na samaki wa kopo. Wendell akazipekua kwa uma.

"Mama Arlene, wamenipigia tena kutoka nyumbani. Ile shule niliyosoma. Kocha wao wa besiboli anastaafu, wananitaka mimi."

"Ala! Na wewe umewaambiaje?"

"Nimeomba mpaka Ijumaa. Wamenisubiri wiki ya tatu hii, hawasubiri tena." Akaweka uma chini. "Mdakaji wa timu ya juu kaumia kidole. Wenzangu wanasema huenda nikaitwa. Nimeitafuta nafasi hiyo miaka tisa. Wewe umeona mpira mwingi kuliko kocha wangu, mama. Niambie kweli. Nisubiri, au nikaishike ile kazi?"

Daftari lilikuwa juu ya jokofu, hatua mbili kutoka pale. Tisa kati ya kumi. Arlene alilitazama, akamtazama Wendell, akaukumbuka mstari mwekundu wa Doris. Na tuseme lote: akaukumbuka mwezi wa tisa, msimu umekwisha, nyumba ikiwa haina mtu, hakuna magoti ya kulia kwenye ngazi. Mtu akiikubali kazi Ijumaa, Jumamosi ameondoka.

"Uko vizuri, mwanangu," akasema. "Subiri. Watakuita."

Wendell alicheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akala sahani mbili. Ijumaa asubuhi akasimama pale pale jikoni, simu sikioni, akawaambia watu wa shule asanteni, hapana.

Jumamosi timu ilisafiri. Huko walikokwenda mvua ikanyesha kama imeapa, uwanja ukawa ziwa, na Jumatatu asubuhi waliambiwa wapande basi warudi nyumbani. Arlene hakujua. Saa sita kamili alikuwa chini ya simu.

"Mama wa Safu ya Nne," Gus akasema, "watu wananiuliza habari ya wadakaji. Wawili wote wabaki, au mmoja aende?"

Angeweza kusema anaumwa koo. Lakini tangu Jumatano alikuwa na kitu kimemkaa kifuani, na redioni ndiko alikozoea kukitua.

"Gus, leo usinichekeshe. Wendell Tackett ni mtu mwema kuliko wote waliopita hapa. Lakini mkono umekufa, Gus. Umekufa na umezikwa. Wapinzani wanamwibia mpaka wanaona haya. Kila siku anayocheza yeye ni siku anayonyimwa Peguero, na Peguero atafika mbali, nakwambia andika. Wamteme leo hii. Kumbakiza siyo huruma. Wanampotezea maisha yake tu."

"Loo! Mama leo kaja na shoka," Gus akasema.

Dereva wa basi, Lyle, ni mtu wa hapa, na kipindi cha Gus hakimpiti. Walipovuka mto tu akawasha redio. Lyle mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye. Wachezaji walianza kwa kucheka, wakisukumana mabega, oya mzee, unasikia unavyozikwa? Kisha mmoja akamwona Wendell usoni, akanyamaza, na wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Wendell alikuwa ameisikia sauti ile ikimwita kula tangu mwezi wa tano. Asingeikosea.

Alifika nyumbani saa saba mchana. Arlene alikuwa anamenya mahindi kwenye kipandio cha mlango wa nyuma.

"Mbona mapema? Mechi vipi?"

"Mvua," Wendell akasema. Akaweka begi chini. "Lyle alifungua redio, mama."

Hindi likamtoka Arlene mkononi.

"Wendell, mwanangu, nisikilize."

"Sina ubishi. Yote uliyosema ni kweli. Hata mimi nilikuwa nayajua, nilitaka tu mtu mwingine ayaseme." Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Ila Jumatano nilikuuliza."

"Doris ametukataza. Kila mwaka anatukataza, mezani tusi..."

"Sikumuuliza Doris. Nilikuuliza wewe. Umemwambia Gus, umemwambia muuza mbolea, umewaambia watu ambao hata hawanijui sura. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele yako nakula tambi."

Wendell alipanda juu, na jioni ile alishuka kula kama kawaida, akasema asante, akaosha sahani yake. Adabu ile ilimkata Arlene kuliko tusi.

Jumatano meneja alimwita Wendell ofisini na mlango ukafungwa. Alitemwa. Tuwe wa haki: redio haikuhusika. Uamuzi ulitoka jijini, kwa watu wenye makaratasi yao ambao Gus Hagedorn hawamjui wala hawamtaki. Arlene alijiambia hivyo mara mia, na haikumsaidia chochote, kwa sababu watu wale walikuwa wameona alichokiona yeye, na yeye alikuwa amekiona mapema, Ijumaa ikiwa bado haijafika.

Wendell alipakia vitu vyake kwenye pikapu. Atakwenda kwa dada yake, alisema, kuna kiwanda cha mbao, pengine watamchukua. Peguero alikuja kumuaga akalia waziwazi, akimkumbatia bila kumwachia. Arlene alitoa mikate aliyomtengenezea njiani, imefungwa vizuri na karatasi. Wendell akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante kwa kila kitu, Mama Arlene." Alimaanisha, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Wiki ile Peguero alikamata wezi watatu katika mechi moja. Mji ukafurahi. Dukani watu walimshika Arlene mkono. "Mama wa Safu ya Nne, hukosei wewe! Wangekupa timu uifundishe!" Muuza mbolea alimpigia saluti kutoka ng'ambo ya barabara. Jumatatu Gus alingoja simu yake dakika nzima hewani, akatania kwamba labda mama anahesabu ushindi wake. Arlene alikuwa amekaa jikoni, redio imezimwa.

Jumanne ndipo alipopiga simu Kentucky. Namba ya shule aliitafuta mwenyewe kwa watu wa huduma ya simu, hakumwambia mtu. Mwalimu mkuu alikuwa mpole, sauti ya mtu mzima.

"Nimepiga kwa ajili ya Wendell Tackett," Arlene akasema, na baada ya hapo maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Kwamba yuko huru sasa. Kwamba ameona wadakaji miaka thelathini na hajaona mwalimu kama huyu. Kwamba kuna mtoto wa miaka kumi na tisa hapa anakamata wezi wa vituo kwa miguu aliyofundishwa na Wendell. "Mchukueni. Hamtapata mwingine, nakwambieni."

"Mama, ningemchukua jana," mwalimu mkuu akasema. "Nafasi imekwenda. Alipokataa tu, Jumamosi nikampa mtu mwingine, ameshahamia na familia yake. Tulimtaka sana Wendell. Hata nilimbembeleza ile Ijumaa, lakini akaniambia kuna mtu huko anaujua mpira kuliko makocha wote, na huyo mtu kamwambia asubiri, ataitwa. Nimekuwa najiuliza ni nani huyo. Mtafuta vipaji wa timu kubwa?"

"Mimi," Arlene akasema.

Kule upande wa pili kiti kililia, mtu alikuwa amejiegemeza.

"Samahani, mama, sikukuuliza. Wewe ni nani wake?"

Arlene aliushika waya wa simu.

"Alikuwa anakula kwangu tu," akasema.