Amekosa Kuripoti Mara Tatu

Kazi yangu ni kusimamia maofisa wa vijana, wale ambao korti huwakabidhi watoto waliokosea ili wawafuatilie wakiwa nyumbani badala ya kufungwa. Watu hudhani wanaonizeesha ni hao watoto. Thubutu! Wanaonizeesha ni maofisa wangu saba, wote na digrii zao.

Kila Jumatatu nakaa nao mmoja mmoja, faili mezani. Huyu ulimtembelea kwao? "Madam, nilimpigia akawa mteja." Yaani simu ya mtoto ikizimwa, kazi nayo imekwisha! Mwingine aliwahi kuniletea ripoti ya mvulana iliyosema, ukurasa wa pili, kwamba ana mimba ya miezi minne. Aliinakili kutoka faili nyingine na hakujisumbua kuisoma. Nikamwuliza, hiki nacho ni kioja gani? Akasema, pole madam, nitarekebisha. Haki ya Mungu, kuna siku natamani kufunga ofisi nikauze mboga.

Kwa hivyo Ijumaa moja, ofisa wangu mdogo kuliko wote aliponiletea karatasi ya kuomba mtoto akamatwe, nilikuwa nimeshachoka. Ilimhusu msichana wa miaka kumi na saba aliyeiba simu. Korti ilimwachia arudi nyumbani kwa sharti moja, kwamba kila Jumanne afike kwetu kuripoti. Karatasi ilisema amekosa kuripoti mara tatu mfululizo. Nikafungua orodha ya mahudhurio, nikaona nafasi tatu tupu. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi.

Jumatatu polisi walimchukua kazini River Road, katika duka la kuchapisha kadi na fulana alikokuwa akijifunza kazi. Alhamisi hakimu angeamua kama anarudi nyumbani au anafungiwa.

Jumanne, hata mkoba sijauweka chini, shangazi yake akaingia. Ndiye aliyemlea, huko Woodley.

"Mama, nyinyi mnataka nini na mtoto wangu?" akaniuliza, hakuna hata salamu. "Kila Jumanne anavaa nguo ya kanisa anakuja hapa. Anarudi anasema hakupata mtu."

Nikashusha pumzi. Nimesikia shangazi wengi wakiwatetea watoto. Na ninavyojifahamu, nikikasirika nataka kushinda.

"Sawa mama," nikamwambia. "Hakuna anayepita langoni bila kuandikwa. Twende tuangalie, mimi na wewe, ndio tumalize haya maneno."

Nikamwita na yule ofisa aliyeniletea karatasi, ashuhudie. Tukashuka ngazi watu watatu, mimi mbele, kifua juu. Soja wa langoni akafungua daftari la wageni, nikaanza kupekua kwa haraka, maana nilijua hakuna kitu.

Alikuwapo. Jumanne ya kwanza, jina lake kwa herufi za shule, ameingia saa mbili na dakika tano asubuhi, ametoka saa saba. Jumanne ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ameingia saa mbili kasorobo, ametoka saa nane. Pale penye swali la anayekuja kuonwa, ameandika jina la ofisi yetu.

"Huyu msichana?" soja akasema. "Namjua. Hukaa pale kwenye ngazi. Nilimwambia mmefunga, akasema atangoja tu."

Nikamgeukia ofisa wangu. "Wewe kijana, ulikuwa wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Madam, si tulikuwa Hurlingham? Ile semina. Wewe ndiye uliandika tusikose."

Kweli, niliandika mimi. Jumanne tatu, maofisa wote, hakuna kisingizio. Somo lilikuwa jinsi ya kumsikiliza kijana. Tulipewa kalamu na samosa.

"Na hukumwambia kwamba hutakuwapo?"

"Nilimpigia, akawa mteja."

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini ofisi niliifunga mimi, na karatasi ya kumkamata msichana nilisaini mimi, bila kuuliza swali hata moja. Shangazi akafunga daftari, akamrudishia soja. Afadhali angenitukana. Niliona aibu.

Alhamisi nilienda kortini na daftari kwapani, baada ya soja kunizungusha siku nzima akidai barua ya kuliruhusu litoke. Hakimu alisoma kurasa zile tatu pole pole, kisha akaniuliza kama nilisaini bila kuuliza. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Kabla ya saa sita msichana alikuwa huru.

Shangazi alimkumbatia, akakimbilia kazini kwake. Mimi nikamwomba msichana msamaha hapo nje ya korti, nikamweleza habari ya semina, akaitikia kwa kichwa, halafu akasema anataka kwenda River Road kabla mwenye duka hajakasirika. Nikasema nitamsindikiza, nimweleze mimi mwenyewe.

Dukani, kwenye mashine yake, alikuwa amekaa msichana mwingine.

Nilieleza yote. Nikatoa kitambulisho cha kazi, nikasema kosa ni letu, mtoto hana hatia. Mwenye duka akanisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, huyu mimi sina shida na yeye," akasema. "Ni mtoto anajituma. Shida yangu ni nyinyi. Polisi waliingia hapa wateja wakiwa wamejaa. Kesho mkikosea tena?"

Nikarudisha kitambulisho mkobani. Mimi, ambaye kila Jumatatu nina jibu la kila mtu.

Tulitoka tukasimama kando ya barabara, watu wanatupita na mizigo. Yeye ndiye aliyeanza kuongea, kwa heshima zote, bila kejeli yoyote, kama mtu anayetaka kujua tu ili asikosee.

"Madam, Jumanne nije, ama mtakuwa na semina?"