Kombora la Kuwinda Nyambizi

Miaka ya tisini ilikuwa inakatika. Mjukuu wangu niliyemlea hapa Garsen, ambaye kwa utani nilimwita mume wangu, alikuwa ameingia jeshi la majini, nami nilitembea mpaka kijiji jirani cha Kulesa nikiringa. Akija likizo anatueleza kazi yake: anafyatua kombora kutoka melini. Linaruka hewani, likifika mbali linaangusha torpido baharini, nayo inapiga mbizi kuisaka nyambizi, ile meli ya adui inayokwenda chini ya maji.

"Inaonaje huko gizani?" babu yake akauliza.

"Haioni, babu. Inasikiliza. Nyambizi ikinguruma tu, imekwisha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Sisi wa mtoni tunamjua mamba, anakusikia ukichota maji kabla hujamwona. Basi mzee akawa anatangaza kila mahali kwamba mjukuu wake anafuga mamba wa chuma.

Mzee alipofariki miaka michache baadaye, tukampigia mjukuu simu yake ya mkononi kutoka dukani. Yeye ndiye aliyerithi jina la babu yake, na kwetu mwenye jina ndiye anayetangulia kutia udongo kaburini. Akajibu, "Bibi, tuko bahari kuu, tunavizia nyambizi. Nikiondoka mimi, nani atafyatua?"

Nikakataa mzee asizikwe, tumngoje. Shemeji yangu akafoka: "Maiti na joto hili? Nyambizi gani hiyo imekuja Kenya?" Nikamwambia afunge domo, hajui vita. Mwishowe wakamzika mzee wangu watu wameziba pua kwa leso. Udongo wa kwanza akautia shemeji.

Matangani akaja mwanajeshi mwenzake mjukuu wangu, kijana wa kijiji cha Ngao, kutupa pole. Nikamuuliza meli imefika wapi.

Akainama. "Bibi, meli yetu haina kombora hilo. Haijawahi kuwa nalo. Na mwenzangu yuko likizo. Nimemwacha Madogo kwa mke mpya, wanachinja mbuzi."



Mjukuu alifika matanga yameisha, ameshika kanga na sukari. Nikamkalisha mbele ya wanawake. "Haya mume wangu, tueleze lile kombora."

Mshenzi akaeleza! Linavyoruka, linavyozama, linavyosikiliza. Alieleza vizuri hata mimi nikataka kuamini tena.

"Na huko Madogo lilisikia nini?"

Akaomba nimpeleke kaburini.

"Aliyetia udongo ndiye atakayekuonyesha," nikasema. "Mimi miguu inauma."

Haikuwa ikiuma.