Treni Iliyomheshimu Mama Mkwe

Sostenes wa Utemini ni fundi. Ukitaka kubisha, kamuulize mwenyewe. Atakueleza mpaka chai yako ipoe na nzi waimalize.

Kazi inayomlisha ni redio na feni. Kazi inayomvimbisha kichwa ni treni. Si zile kubwa zinazopita Manyoni. Ni zile ndogo za chuma zinazotengenezwa ng'ambo ili watu wazima waziweke kabatini, wazitazame, na mtoto akizigusa apigwe kibao. Zina kila kitu, bomba la moshi, ngazi ya dereva, hata koleo la makaa, ila haziendi. Wenzake wanauita huo urembo. Sostenes anauita ugonjwa.

Basi huzitibu. Hufungua tumbo, akatoboa sakafu, akaingiza mota aliyoing'oa kwenye deki ya DVD iliyokufa, na gia za plastiki za humo humo, na betri ya simu ya zamani, na swichi ya tochi. Magurudumu ya nyuma huyavisha utepe wa mpira wa baiskeli yasiteleze. Ukibonyeza, inaondoka. Ameshafufua ya mwenye duka la dawa, na ya padri mmoja, ambayo sasa huzunguka chini ya meza ya chakula na hakuna mgeni anayethubutu kucheka.

Mtu mmoja tu katika mkoa mzima hakuvutiwa. Kwa bahati mbaya ndiye mama mkwe wake.

Severina anakaa kijijini Mungaa, ana kuku, alizeti na maoni. Tangu binti yake Raheli aolewe na Sostenes, hajawahi kulala kwa mkwewe hata usiku mmoja. Akija asubuhi, jioni anataka gari. Mfuko wake hauvuki kizingiti. Huuacha mlangoni, tayari. Raheli alikuwa ameshamlilia alale kwao, kwa sababu macho ya mama yalianza kuingia ukungu na hospitali iko mjini. Severina akajibu kwamba haoni sababu ya kulala nyumba ya mwanamume anayecheza na vitoto vya chuma.

Siku moja akampa binti yake kitu kilichofungwa kwenye khanga. Ilikuwa treni ya marehemu mumewe, Ezekieli. Ezekieli alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, na mzungu mmoja mhandisi alimwachia treni hiyo alipoondoka, injini nyeusi na behewa moja la wazi nyuma yake. Ezekieli aliitazama kabatini mpaka akafa.

"Mumeo si anajidai?" Severina akasema. "Baba yako alitamani kuiona ikitembea. Aitembeze. Ikitembea, nitalala kwenu. Akiiharibu, hata huo mlango sitaujua tena."

Raheli alipofikisha habari, Sostenes alicheka. "Hiyo tu? Mwambie mama aje na mswaki."

Kisha alifungua khanga, na kicheko kikaisha. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupasua. Rangi yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Na ilikuwa ya mkwe.

Hapo ndipo heshima ilipomponza. Treni za wengine aliziweka mezani baina ya misumari na mabati, akazikimbiza, akazirudisha. Hii aliogopa isije ikachubuka. Akailaza chali juu ya khanga ile ile, kama mtoto anayebadilishwa nepi, akatoboa, akafunga mota, akalehemu nyaya. Alipobonyeza swichi, magurudumu yakazunguka, ila kwa macho yake yalizunguka kurudi nyuma. Akaguna, akabadilisha waya mwekundu na mweusi. Akabonyeza tena. Sasa yalikwenda mbele, safi kabisa. Akaifunga tumbo na kuipangusa, bila kuikimbiza mezani hata mara moja.

Kitu kilicholala chali, magurudumu yake yanakudanganya, mbele huonekana nyuma. Hilo hata mtoto anayechezea baiskeli iliyopinduliwa analijua. Sostenes alilijua pia, siku nyingine zote.

Siku ya siku Severina akaja na mfuko wake, akauacha mlangoni. Sostenes alimwamkia kutoka mbali, "Shikamoo mama," huku akitazama sakafu. Katika ukoo wa Severina, mkwe na mama mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono, na ukiacha salamu, maneno yao hupita kwa mtu wa tatu hata wakiwa chumba kimoja. Mtu wa tatu ni Raheli, aliyekaa katikati kama posta.

Sostenes alikuwa ametandaza reli mbili za vipande vya alumini, mabaki ya mafundi madirisha, kutoka kwenye kigoda chake mpaka kwenye kiti cha mama. Akaiweka treni upande wake, pua ikimwelekea mama mkwe.

"Mwambie mama," akasema kwa sauti ya mkuu wa stesheni, "treni inakuja kwake."

"Mama, inakuja kwako."

Akabonyeza. Treni ikaondoka kwa mlio mzuri, ikarudi nyuma, ikapita katikati ya miguu ya Sostenes na chini ya kigoda, ikagonga ukuta na kuendelea kukwaruza hapo hapo.

Sostenes aliizima kama mtu anayefumba macho ya maiti.

"Muulize mumeo," Severina akasema, "ndiyo kuja kwenyewe huko?"

"Anauliza kama..."

"Nimesikia. Mwambie ni nyaya tu. Nitafungua."

"Mwambie asifungue kitu. Ilete hapa."

Raheli akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka relini mbele ya mama yake, pua ikimtazama, ili aione vizuri kwa macho yake yenye ukungu. Sostenes alianza kuhesabu kichwani wajomba wanaoweza kumwombea msamaha. Severina akapapasa bomba, akapapasa ngazi, kidole kikaifikia swichi. Akabonyeza.

Treni ikaanza kumwondokea taratibu, kinyumenyume, uso ukimtazama yeye njia nzima, mpaka ikafika miguuni pa Sostenes, naye akaizima.

Severina akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na Raheli akadhani mama analia.

"Baba yako," mama akasema, alipopata pumzi, "siku alipokuja kwetu kuposa, hakutaka kumpa mama yangu mgongo. Alitoka kinyumenyume hivi hivi. Akakanyaga kuku."

"Kuku alikufa?"

"Tulimla. Posa ikakubaliwa."

Sostenes akakohoa. "Mwambie mama nageuza waya sasa hivi, itakwenda mbele kama..."

"Mwambie akiigusa, nachukua mfuko wangu." Severina akajipangusa macho. "Vitu vya kwenda mbele viko tele. Hiki kinajua ukwe. Nirudishie hapa."

Raheli akairudisha. Mama akatoa yai la kuchemsha kwenye mfundo wa khanga yake, la kuku wake wa Mungaa, akalilaza ndani ya behewa, akabonyeza. Yai likasafiri likiyumba mpaka kwa mkwe. Sostenes akalipokea kwa mikono miwili kutoka kwenye treni, kama inavyotakiwa, akalimenya.

Leo akikusimulia, atakwambia alipanga hivyo tangu mwanzo, kwamba ni mtindo maalumu wa wakwe na ufundi wake hauuzwi. Mwache. Ukweli ni kwamba alikula nusu ya yai bila chumvi, maana chumvi ilikuwa upande wa mama na yeye hakujua aiombe vipi.

Severina alimtazama akimeza kwa shida.

"Raheli," akasema, "lete hiyo treni, nimpelekee chumvi. Halafu uniingizie na mfuko wangu."